Ngazi ya Kuku: Historia ya Mlango wa Juu wa Banda

Banda la kuku lenye mlango wa juu ni lile ambalo tundu la kuingilia limewekwa mbali na ardhi, kuanzia kimo cha goti la mtu mzima hadi kupita kichwa chake. Kuku hulifikia kwa kuruka, kwa kupanda gogo lililochongwa vipandio, au kwa kutembea juu ya ubao uliolazwa kwa mteremko. Mabanda ya namna hii yamejengwa na watu wasiojuana, katika mabara tofauti, kwa sababu zilezile. Maji ya mvua hupita chini bila kulowesha ndege. Kinyesi hudondoka kati ya fito na kuzolewa kwenda shambani. Kicheche, nguchiro, kanu au mbweha hulazimika kutafuta njia kabla ya kuifikia nyama. Hata siafu, adui asiyesikika mpaka asubuhi, huzuiwa kwa urahisi zaidi pale ambapo kuna nguzo nne tu za kuzungushia majivu.

Ujenzi wake haujawahi kuwa na ugumu mkubwa. Kinachosumbua ni kumfanya kuku aingie mwenyewe kila magharibi, bila kukimbizwa uwanjani na watoto na bila kuishia juu ya mwembe. Kwa hiyo historia ya mlango wa juu haitenganishwi na swali la nani aliyemfundisha kuku kuutumia, na kwa muda mrefu sana mwalimu huyo hakuwa binadamu.

Kuku wa kufugwa ametokana na kuku-mwitu mwekundu wa Asia, Gallus gallus. Uchunguzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2020 ulimhusisha zaidi na jamii-ndogo moja ya ndege huyo, spadiceus, inayoishi kusini-magharibi mwa China, kaskazini mwa Thailand na Myanmar. Miaka miwili baadaye watafiti waliopitia upya mifupa ya kuku kutoka zaidi ya maeneo 600 ya kiakiolojia walitangaza kwamba mifupa ya kale zaidi inayoweza kuitwa ya kuku wa kufugwa bila wasiwasi ni ile ya Ban Non Wat, katikati ya Thailand, ya kati ya mwaka 1650 na 1250 KK hivi. Madai ya awali kwamba kuku amefugwa kwa miaka 8000 au zaidi yaliporomoka. Kwa maelezo ya watafiti hao, mashamba ya mpunga na mtama ndiyo yaliyomvuta ndege huyu karibu na watu. Nafaka ilimteremsha kuku kutoka mtini.

Ilimteremsha mchana tu. Kuku-mwitu hushinda akichakura chini, na jua linapokaribia kuzama huruka hadi kwenye tawi au mwanzi na kulala huko. Tabia hiyo haikufutika kwa kufugwa. Jicho la kuku limeumbwa kwa ajili ya mwanga wa mchana. Linaona rangi vizuri kuliko jicho la mtu, lakini giza likiingia halimsaidii tena, na kuku aliyechelewa hutulia palepale kiza kilipomkuta. Ndiyo maana huanza kutafuta pa kulala kungali na mwanga. Jambo jingine ni kwamba akishalala mahali pamoja kwa siku kadhaa, hurudi hapohapo, mara nyingi kwenye ufito uleule na ubavuni mwa mwenzake yuleyule. Mfugaji, basi, hana haja ya kumfundisha kuku kupenda juu. Kazi yake ni kumwonyesha juu gani.

Maelezo ya kina ya zamani zaidi kuhusu mlango wa aina hii yameandikwa na Warumi. Varro, katika kitabu cha kilimo alichokitoa mwaka 37 KK akiwa na umri wa miaka 80, alipendekeza kuku 200 wawekwe katika vyumba viwili vilivyounganishwa, vinavyotazama mashariki, vyenye madirisha ya fito zilizosukwa kwa nafasi: mwanga upite, mnyama mharibifu asipite. Alitaja fito za kulalia na viota, lakini aliandika kama mtu mwenye watumwa wa kumfanyia kazi hiyo. Karne moja baadaye akaja Columella, mzaliwa wa Gades, mji ambao leo ni Cádiz wa Hispania, aliyekuwa mkulima kweli na aliyeandika vitabu 12 vya kilimo. Kitabu chake cha nane kinahusu ndege na samaki, na sura yake juu ya banda la kuku inastahili kusomwa taratibu.

Banda la Columella lina vyumba vitatu vilivyopangana, na liko karibu na jiko au tanuri la nyumba ili moshi uwafikie ndege, kwa kuwa moshi ulihesabiwa kuwa dawa yao. Chumba cha kati ndicho kidogo, na ndani yake huwashwa moto. Vyumba viwili vya pembeni vina dari za kati zinazovigawa kuwa ghorofa. Fito za kulalia zichongwe ziwe za mraba, asema, kwa sababu ufito wa mviringo na laini haumpi ndege mshiko. Mbele ya kila kiota pawe na ubao wa kutua, ili kuku asirukie moja kwa moja juu ya mayai na kuyavunja kwa miguu. Halafu inakuja ngazi. Ndani, vibao vyembamba viunganishwe na ukuta hadi kwenye ghorofa, navyo vichongwe vipandio vidogo ili visiwe na utelezi kwa ndege wanaopanda. Nje, kutoka uani, vibao vya namna hiyohiyo viegemezwe kwenye vidirisha ambavyo kuku huingilia kwenda kulala usiku, na vidirisha hivyo vifungwe giza likiingia.

Vipandio hivyo vidogo ndivyo vinavyoonyesha kwamba aliyeandika alikuwa amemtazama kuku akipanda. Ubao laini ukilowa umande humrudisha kuku chini kwa kucha zinazokwaruza bila kushika, na ndege aliyeteleza mara mbili hatajaribu tena jioni hiyo. Mabanda yanayouzwa leo madukani, yenye ubao mwembamba uliopigiliwa vijiti vya kukingama, hayajaongeza chochote cha maana juu ya kanuni hiyo ya karne ya 1. Katika aya yake ya ngazi, hata hivyo, Columella hasemi lolote kuhusu kumzoesha kuku kuitumia. Alimwelekeza fundi seremala na kuishia hapo. Kuku wa Roma walianguliwa na mama na kulelewa na mama, na mama alikuwa anaijua ngazi.

Si watu wote waliokubali kwamba kuku alale juu. Shijing, mkusanyo wa nyimbo za kale za China, una wimbo unaotaja kuku wakirudi jioni kwenye matundu yaliyochimbwa ukutani na kwenye vigingi vya kulalia, kwa hiyo huko nako kuku wa enzi za kabla ya 600 KK walilala mbali na ardhi. Lakini katika karne ya 6 BK, Jia Sixie, ofisa wa Wei ya Kaskazini aliyeandika kitabu kikubwa cha kilimo kiitwacho Qimin Yaoshu, alipinga. Shauri lake ni kwamba kizimba kikae chini, na ndani yake pawekwe kichanja cha kulalia. Alikiri kwamba jogoo wa kizimbani sauti yake haivumi kama ya aliyelala mtini. Faida, kwa hesabu yake, ni kwamba kuku hutulia, hunenepa upesi, na huepukana na mbweha. Waliolala mitini wakikutwa na upepo wa baridi hukonda, na wadogo hufa. Hoja yake ilikuwa sahihi kwa kaskazini ya China, penye majira ya baridi kali. Haikuwa hoja dhidi ya kimo chenyewe, maana hata kizimbani aliacha kichanja. Alichopinga ni kuku kukosa ukuta.

Ulaya ya baadaye ilichanganya mashauri yote mawili. Katika mashamba ya kaskazini mwa Uingereza wakulima walijenga chumba cha kuku juu ya banda la nguruwe, kikiwa na ngazi ya mawe kwa nje. Joto la nguruwe lilipanda likawapasha kuku, na harufu na vishindo vya nguruwe vilimfanya mbweha asite.

Afrika ilimpokea kuku kwa njia zaidi ya moja. Mifupa ya Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, inaonyesha kwamba alikuwepo huko katika milenia ya 1 KK. Katika pwani ya Uswahilini mifupa yake imefukuliwa katika miji ya mwanzo ya biashara, ukiwemo Unguja Ukuu, uliostawi kuanzia karne ya 7 BK. Kutoka huko na kwingineko alienea bara, na kila eneo likampangia pa kulala. Sehemu nyingi alilala jikoni au katika kona ya nyumba, kwa usalama wake na kwa faida ya mwenye nyumba aliyetaka kumsikia jogoo alfajiri. Malawi, kaskazini mwa Msumbiji, mashariki mwa Zambia na kusini mwa Tanzania kulizoeleka kibanda cha kusimama chenyewe: nguzo za miti, sakafu ya fito, ukuta wa mianzi au fito zilizofumwa, paa la nyasi, na tundu dogo lenye gogo la kupandia. Jioni gogo huondolewa, na tundu huzibwa kwa ubao au jiwe.

Katika vibanda hivyo mafunzo yalikuwa na ngazi zake, na mwenye kuyaendesha alikuwa kuku jike. Akishaangua hapandi. Hulala chini na vifaranga wake kwa wiki kadhaa, na mwenye nyumba humfunika kwa tenga kuwakinga wote. Mabawa ya vifaranga yakishapata manyoya ya kutosha, jioni moja mama huacha kwenda mahali pa kawaida. Husimama chini ya gogo, hupanda vipandio viwili vitatu, hugeuka na kuita kwa sauti ileile ya chini anayowaitia chakula. Mmoja au wawili hufuata. Waliobaki hulia na kuzunguka chini ya nguzo, hujaribu, huanguka, na mama hushuka na kuanza upya. Kazi hiyo huweza kuchukua jioni kadhaa. Mtu aliyekaa kibarazani hutazama tu, na kama ni mwema huwabeba wale wawili wa mwisho na kuwaingiza kabla giza halijafunga.

Kuku aliyenunuliwa mnadani au kuletwa na mgeni hakuwa na mama wa kumwonyesha, na kwake ulikuwepo utaratibu mwingine. Alifungwa mguu kwa kamba, akafungiwa karibu na banda, akalishwa hapohapo kwa siku kadhaa mpaka akapazoea. Methali isemayo kuku mgeni hakosi kamba mguuni hutumiwa kwa watu, lakini imetokana na desturi halisi ya ufugaji, na desturi yenyewe ina akili: humlazimisha ndege kulala mahali pamoja mara nyingi mfululizo, na hilo ndilo linalomfunga kuliko kamba. Mfugaji wa leo anayefungia kuku wapya bandani kwa wiki nzima kabla ya kuwaachia anafanya jambo lilelile kwa mlango badala ya kamba.

Utaratibu huu wa kale uliyumbishwa na mambo mawili yaliyotokea katika karne ya 19, yote mbali na Afrika. La kwanza ni uzito. Miaka ya 1840 kuku wakubwa kutoka China, waliokuja kujulikana kama Cochin, walifika Uingereza, na baadhi yao waliwekwa katika banda la Malkia Victoria huko Windsor. Kilichofuata Uingereza na Marekani kilikuwa wazimu wa kununua na kushindanisha kuku. Mwaka 1855 mfanyabiashara wa Kimarekani, George Burnham, aliyefaidika sana na wazimu huo, aliuandikia kitabu cha kuucheka. Cochin na Brahma ni kuku wenye manyoya hadi miguuni, na jogoo aliyekomaa hufikia kilo 5. Mabawa yao hayawezi kuuinua mwili huo, na wakiruka kutoka juu huumia nyayo, zikavimba na kutunga usaha. Kwa kuku wa kienyeji mwepesi ngazi ni msaada. Kwa hawa ikawa lazima. Wafugaji wa enzi hiyo wakashusha fito za kulalia na kurefusha ubao wa kupandia ili mteremko uwe mdogo.

La pili lilikuwa kubwa zaidi: mama aliondolewa. Kutotolesha mayai bila kuku si jambo geni, kwani Wamisri walikuwa na matanuri yao tangu zama za kale, na mwaka 1749 Mfaransa Réaumur alichapisha kitabu kizima cha kuiga ufundi wao, kikiwa na michoro ya mama bandia aliyetandikwa ngozi ya kondoo kwa ndani. Lakini mashine iliyotegemewa na mfugaji wa kawaida ilipatikana mvumbuzi Hearson alipobuni kifaa cha kudhibiti joto chenyewe mwaka 1881 huko Uingereza. Mwaka 1918 posta ya Marekani ilikubali rasmi kusafirisha vifaranga wa siku moja. Kuanzia hapo mamilioni ya vifaranga walifika mashambani ndani ya maboksi, wakalelewa chini ya taa, wakakua bila kumwona kuku mkubwa hata mmoja. Tembe wa namna hiyo akihamishiwa kwenye banda lenye mlango wa juu hukusanyika na wenzake chini ya banda, kona moja, wakilaliana mpaka wengine hukosa hewa. Si ujinga wao. Hakuna aliyewaonyesha.

Mwalimu sasa akawa binadamu, na ni katika miaka hiyohiyo ndipo sayansi ilipoanza kuuliza kuku hujifunza vipi. Edward Thorndike, kijana wa Kimarekani aliyechapisha tasnifu yake kuhusu akili ya wanyama mwaka 1898, anakumbukwa kwa paka wake waliofungiwa masandukuni. Kabla ya paka alikuwa na vifaranga. Alipokuwa akisoma Harvard mwenye nyumba wake alichoka nao chumbani, na mwalimu wake, mwanafalsafa William James, akampa nafasi katika chumba cha chini cha nyumba yake mwenyewe. Kuta za vizuizi vyake zilikuwa vitabu vilivyosimamishwa wima. Kifaranga mmoja aliwekwa ndani peke yake, wenzake na chakula vikiwa nje. Njia za kutokea zilitofautiana, na mojawapo inafanana ajabu na banda la mlango wa juu: kifaranga alipaswa kupanda ngazi ya kuzunguka na kutoka kwenye tundu la ukutani. Katika jaribio gumu zaidi, baada ya ngazi hiyo alivuka ngazi nyingine iliyolazwa kama daraja hadi ukuta wa pili, ndipo akaruka chini.

Vifaranga walifaulu. Thorndike alichoandika kwa makini ni jinsi walivyofaulu. Hakuona dakika ambayo kifaranga alionekana kuelewa. Mara ya kwanza alilia, akarukia kuta, akapita hapa na pale, na hatimaye akaikanyaga ngazi kwa bahati. Kila aliporudishwa, harakati zisizo na faida zilipungua, na muda wa kutoka ukafupika kidogo kidogo. Kutokana na majaribio hayo na ya paka alikuja kuunda kile alichokiita sheria ya matokeo: tendo linalofuatiwa na jambo la kupendeza hurudiwa. Kwa mfugaji kuna jambo la ziada katika simulizi hii. Zawadi ya kifaranga haikuwa nafaka peke yake. Ilikuwa pia kuwafikia wenzake. Ndiyo maana kuku wawili waliokwisha kuizoea ngazi huwafundisha kumi wapya haraka kuliko mtu mwenye debe la mtama.

Kuku hao wawili, hata hivyo, wanaweza pia kuifunga njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kutazama kuku tangu utotoni, alieleza kwamba kila kundi lina utaratibu wa kudonoana, ambapo kila mmoja anajua anayeweza kumdonoa na asiyeweza. Mahali utaratibu huo unapoonekana wazi ni mlangoni, jioni. Kuku mwenye cheo husimama juu ya ubao, na wa chini hungoja mpaka giza linawakuta nje. Mlango mwembamba wenye ngazi moja umelaumiwa mara nyingi kwa kosa ambalo ni la kundi lenyewe.

Waliofika mbali zaidi katika kumfundisha kuku ni Keller na Marian Breland, wanafunzi wa mwanasaikolojia B. F. Skinner, ambao mwaka 1947 walianzisha kampuni ya kufundisha wanyama na kuanza na kuku wa maonyesho ya kutangaza chakula cha mifugo cha General Mills. Kuku wao walipiga vinanda na kucheza michezo mbele ya umati. Mwaka 1961 waliandika makala ya kukiri mipaka ya kazi yao. Kuku waliyemtaka asimame tuli jukwaani kwa sekunde chache alichakura kwa miguu badala ya kutulia, na zawadi hazikumwachisha. Hatimaye walimtangaza kuwa kuku anayecheza dansi. Somo la banda limo humo pia. Kuku hafundishiki kuingia kwenye tundu jeusi wakati macho yake yanamwambia giza ni hatari, hata angepewa punje za aina gani. Banda lenye kidirisha upande wa pili, kinachoachia mwanga wa mwisho wa siku, huingiwa bila ubishi.

Karne ya 20 ilikuwa pia karne ya kizimba cha waya, ambamo kuku wa mayai hakuwa na mlango wa kuingia wala kutoka, na elimu ya ngazi ikawa haina kazi. Uswisi iliacha vizimba hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Umoja wa Ulaya ulipitisha amri mwaka 1999 iliyopiga marufuku vile vya kawaida kuanzia 2012. Amri hiyo inataja hata vipimo: penye uwanja wa nje, tundu la kutokea kuku liwe na kimo cha sentimita 35 na upana wa 40 angalau, na kila kuku apate sentimita 15 za ufito wa kulalia. Mabanda ya ghorofa yalirudi, safari hii yakiwa na maelfu ya ndege, na pamoja nayo yakarudi maswali ya Columella. Mifupa ya kidari ilikuwa ikivunjika kwa kuruka na kukosea. Watafiti wakapima mbao za kupandia na kukuta kwamba mteremko ukizidi nyuzi 40 hivi kuku huanza kuhangaika na kupiga mabawa ili asirudi nyuma. Kupiga mabawa huko kwenyewe kulikuwa kumeshangaza wataalamu pale mtafiti Kenneth Dial alipoonyesha, mwaka 2003, kwamba makinda ya kwale wasiojua kuruka hukwea miteremko mikali kwa kuyatumia mabawa kuisukumiza miguu kwenye ubao.

Uchunguzi wenye uzito kuliko wowote kwa suala hili ulifanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2000. Vifaranga 30 waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilikuwa na fito za kurukia tangu siku za mwanzo, jingine lilinyimwa mpaka wiki ya nane. Katika wiki ya 16 wote walipewa fursa ya kufuata chakula kilichowekwa juu. Kwenye sentimita 40 hapakuwa na tofauti. Chakula kilipopandishwa hadi sentimita 80 na 160, waliokulia chini walichelewa au kushindwa. Miguu yao ilikuwa na nguvu ya kutosha, kama jaribio la kwanza lilivyodokeza; walichoelekea kukosa ni uwezo wa kupima umbali wa kwenda juu. Kipindi cha kujifunza ambacho kuku mama wa kijijini hukitumia bila kuelezwa na mtu kilikuwa kimepata ushahidi.

Afrika Mashariki imeyakuta mambo haya kwa wakati mmoja. Chanjo ya kideri ya I-2, inayostahimili joto na kutolewa kwa tone la jicho, ilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na imesambazwa vijijini Tanzania, Malawi na Msumbiji. Chanjo hiyo hurudiwa kila baada ya miezi minne, na kuku waliolala juu ya miti hawakamatiki. Banda la kufungwa usiku, ambalo zamani lilikuwa kinga dhidi ya kicheche, likawa kinga dhidi ya ugonjwa unaofuta kundi zima, kwani mchanjaji hufika alfajiri kabla mlango haujafunguliwa. Wakati huohuo mbegu kama Kuroiler na Sasso zimeenea. Ni kuku wazito kuliko wa kienyeji, hutotoleshwa kwa mashine, hulelewa chini ya taa na kuuzwa wakiwa na wiki chache. Mnunuzi huwaweka katika banda lilelile la nguzo alilorithi, kisha hushangaa kuwaona wamelala chini yake.

Dawa yake ni mchanganyiko wa yote yaliyopita. Kuku wapya hufungiwa ndani siku tano hadi saba, wakila na kunywa humo. Siku ya kwanza huachiwa saa moja tu kabla ya jua kuzama, wakiwa na njaa kidogo, ili giza na chakula viwarudishe. Ubao huwa mpana, wenye vijiti vya kukingama, na mwanzoni huegemezwa kwa mteremko mdogo. Wanaobaki chini hawatupwi ndani kupitia mlangoni. Huwekwa katikati ya ubao ili miguu yao imalize safari yenyewe. Palipo na kuku wa kienyeji aliyezoea banda, aachwe alale nao. Kifaranga wa mashine anayefikishwa nyumbani akiwa na wiki nne bado yuko katika umri wa kujifunza kupanda, na kwa hiyo ubao wa kupandia uwekwe siku hiyohiyo ya kumpokea, usingojwe mpaka aanze kutaga.